Nyama kwa Namba

Paukwa?
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na foleni.
Foleni ya nini?
Laiti isingekuwapo. Sogeeni niwaambie.

Ukame ulikuwa mkali, na Simba, mwenye nchi, hakuwa tena na mbio za kukimbiza mtu. Akatoa tangazo fupi: kuanzia kesho, nyama kwa namba. Mtendaji wake, Fisi, aliposikia neno nyama hakusikia lingine. Akadhani watu watagawiwa.

Karani wao Nguchiro, mama wa mtoto mmoja tu, Kijino, alielewa. Nyama ni sisi, akajisemea.

Kazi yake ilikuwa kuandika wanyama wote katika waraka wa XML, kila jina ndani ya mabano yake kama kuku tunduni. Kisha aandike stailishiti, yaani maagizo ya kuugeuza waraka uwe orodha yenye namba. Watumishi wa Simba hawakuandikwa. Wengine waliandikwa kwa kufuata makazi yao kuanzia getini, na shimo la kwanza lilikuwa la Nguchiro. Basi jina la kwanza likawa la mwanawe.

"Mzee Fisi," akasema kwa unyenyekevu, "naomba mwanangu abaki namba moja. Ana njaa."

Fisi akanuna. "Mtoto amtangulie mtendaji? Itifaki iko wapi? Niandike juu kabisa."

Akamwandika juu kabisa.

Zikabaki namba. Nguchiro akaagiza: anza na moja, kila jina ongeza moja. Mashine ta-ta-ta-ta. Fisi moja. Kijino moja. Swala moja. Ngiri moja. Stailishiti ina ubishi huo: ukishaiambia namba ni moja, itabaki moja hata ulie. Nguchiro akalia kweli, maana wote wangeliwa siku moja. Fisi naye akafoka, hataki kulingana na Ngiri.

Akajaribu tena: kila jina lihesabu yaliyo juu yake, kisha lijijumlishe lenyewe. Ta-ta-ta-ta. Fisi moja. Kijino mbili. Swala tatu. Ngiri nne.

Asubuhi Fisi akaja na beseni, mate yanamdondoka.

"Namba moja," Simba akaita.

"Nipo, mzee."

Kacha.

Nguchiro akamkumbatia mwanawe, akacheka mpaka machozi. Ndipo Simba, akijilamba, akaagiza aliyeliwa afutwe na orodha itolewe upya. Nguchiro akamfuta. Ta-ta-ta. Kijino akahesabu walio juu yake, hakumkuta mtu.

Kijino moja. Swala mbili. Ngiri tatu.

Akarudia. Kijino moja. Akarudia tena. Kijino moja. Maagizo yalikuwa yake mwenyewe, na hayakuwa na kosa lolote.

"Namba moja," Simba akaita.

"Mama," mtoto akauliza, "ndiyo mimi?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye mkiani mwa foleni na ashukuru. Na funzo lake, wanangu, ni lile lile mnaloambiwa kila siku nyumbani: someni kwa bidii, muwe namba moja.