Chungu Alichokitenga Namkunda

Ujana haurudi, kilichorudi kiulizwe.

Methali hii ilianza hivi, na ninyi mnaochekeana huko nyuma tegeni masikio, maana inawahusu mama zenu.

Kwenye milima ya Upare aliishi mfinyanzi aitwaye Nakijwa. Mtaani kwao mwanamke aliye katika siku zake hasogelei moto wa kuchomea vyungu, kwa hiyo moto huwashwa na mama aliyekwisha kukoma hedhi. Nakijwa alikoma zamani, na moto ukawa wake. Alijivunia, tena waziwazi, na haki yake. Chungu chake ukikigonga, kinakuitikia.

Asubuhi moja, kuni zimeshapangwa, akaona damu kwenye khanga. Kidogo tu, wala haumwi popote. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini kuudanganya moto hakuweza. Akampa kijinga cha moto mkwewe Namkunda, maana huyo hakuwa katika siku zake, kisha akaitaja sababu mbele ya wenzake.

Loo, vigelegele vilivyopigwa! Shoga yake Nang'asu akacheza kabisa, akisema mwali karudi, atafutiwe mume. Nakijwa naye akacheka. Nani hapendi kuitwa msichana? Akaenda kukaa pembeni, akamtazama Namkunda akipapasa vyungu kimoja kimoja kabla ya kuvipanga. Kimoja akakitenga.

"Hicho kina nini?" akauliza Nakijwa.

"Kilishakauka, mama, leo kimerudi na unyevu. Nikikitia motoni kitapasuka."

"Na mbona hukukipigia vigelegele?"

Nang'asu akaacha kucheza.

"Nipelekeni hospitali," akasema Nakijwa.

Huko daktari alimpiga picha ya tumbo, kisha akachukua kipande kidogo cha nyama kutoka ukuta wa ndani wa kizazi, kikapimwe. Majibu yakaja: saratani. Nakijwa aliogopa, mtu asikudanganye. Alilia mpaka akakauka machozi. Ila daktari akamweleza kwamba ugonjwa ulikuwa haujatoka nje ya kizazi, na kwamba amekuja mapema, ilhali wengine hukaa na damu hiyo mpaka maji yamefika shingoni. Wakamfanyia upasuaji, wakakitoa kizazi na mifuko ya mayai. Kila aliporudi kuangaliwa, alikutwa salama.

Msimu uliofuata akasimama tena mbele ya kuni, kijinga mkononi, kichwa juu. Mtaa mzima ulijaa fahari siku ile. Kabla hajawasha, Nang'asu akamvuta kando. Hakuweza kumtazama usoni. Akamnong'oneza kwamba naye damu imemrudia tangu mavuno, na ameinyamazia kwa sababu ilimpendeza.

Nakijwa hakumcheka. Alimwita Namkunda, akamkabidhi moto mara ya pili, akajifunga khanga ya safari.

"Twende, shoga yangu," akasema, akimshika mkono. "Ujana haurudi, kilichorudi kiulizwe."