Kicheko cha Naelijwa

Mjane mmoja alikuwa na binti mmoja. Mama aliitwa Naelijwa, binti aliitwa Nakiete, nao walikaa milimani Upareni, kwenye mteremko ambako watu hulima tangawizi na kila shamba hushikiliwa na ukuta wa mawe lisiporomoke.

Naelijwa hakuwa mama mbaya. Nakiete hakulala njaa hata siku moja, wala hakwenda shule na sare iliyochanika. Lakini hakuwahi kumwona mama yake akicheka. Akifaulu mtihani, mama aliuliza kama mbuzi wamepewa majani. Akijikwaa na kulia, mama alimwambia atazame anapokanyaga. Siku alipoolewa kijiji cha pili, mama alimfunga kanga mpya kiunoni, akasema, "Haya, nenda," akageuka akaingia ndani. Tangu hapo Nakiete alikuja kumsalimia kwa nadra, na alipokuja, wawili hao walizungumzia mvua.

Vuli ilipoanza, Naelijwa alikufa. Binti alikuja kuzika akiwa na macho makavu, na watu walimtazama kwa pembeni.

Matangani, mwanamke mmoja alijishika kichwa akalia, "Jamani, nani atatuchekesha sasa?" Na wengine wakaitikia kwa uchungu, "Nani tena?" Nakiete akadhani amesikia vibaya. Akawaza kwamba labda watu hawa wamekosea msiba.

Mwingine angeliacha neno hilo lipite. Yeye hakuliacha. Waombolezaji walipotawanyika, alibaki, akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akiuliza habari za mama yake kama mtu anayeulizia mgeni. Mzee mmoja asiyeona alimwambia kwamba Naelijwa alikuwa akija kumtoa funza miguuni, na muda wote alikuwa akimwimbia. Mwanamke aliyefiwa na kichanga alisema, "Alilala nami mkeka mmoja, akanilisha kwa mkono wake mpaka nikakumbuka kula." Kila alilosikia Nakiete lilimfurahisha, na papo hapo lilimchoma. Alitaka kusikia zaidi, na alitaka wanyamaze.

Mwisho alifika jikoni kwa Senyaeli, kikongwe aliyekuwa shoga wa mama yake tangu ujana. Senyaeli alimwonyesha mahali Naelijwa alipozoea kukaa jioni, akinyoosha miguu karibu na mafiga na kuigiza mwendo wa kila mtu kijijini, mpaka ugali ukaungua.

Hapo Nakiete alishindwa kuvumilia.

"Bibi, kwa nini ninyi nyote mlipata, mimi nikakosa? Nilikuwa nimemkosea nini?"

Senyaeli alisogeza kuni.

"Kabla yako alizika watoto wawili, mwanangu, hilo unalijua. Ulipozaliwa wewe, kila alipokutazama aliona kaburi la tatu. Hapa kwangu hakuwa na cha kupoteza, ndiyo maana alicheka."

Msidhani kwamba moyo wa Nakiete ulitulia mara moja. Alijua sasa kwamba alipendwa, na alijua pia kwamba upendo ule ulikuwa umepita karibu naye miaka yote bila kubisha hodi. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililoweza kulifuta jingine. Kisha akauliza swali ambalo kikongwe hakulitarajia.

"Alikuwa anacheka vipi?"

Senyaeli alijaribu. Alitupa kichwa nyuma, akapiga paja, akatoa sauti kama ya kuku aliyekurupushwa kwenye mayai. Akasema, hapana, siyo hivyo, akajaribu tena, na safari hii kikohozi kikamkaba. Nakiete akacheka. Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko hicho binti aliangukia mapajani mwa kikongwe, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza.

Kesho yake alirudi kwa mumewe. Binti yake mdogo alimwona kwa mbali, akatelemka mbio kwenye njia iliyolowa, akiteleza na kuinuka, na Nakiete akahisi hofu ikimkaza uso na karipio likimpanda kooni. Alilimeza. Akachutama pale pale kwenye tope, akafungua mikono, akamcheka mtoto jinsi alivyochafuka, na mtoto akasimama ghafla kumtazama, kwa kuwa hakuwahi kumwona hivyo.

Nami nawauliza ninyi mtakaorudi majumbani leo: yule mnayeogopa kumpoteza kuliko wote, ataijua furaha yenu kutoka kwenu wenyewe, au atasimuliwa na majirani siku ya kuwazika?