Kadi Moja, Watoto Watatu wa Bi Mwantumu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe si ya mbali, kompyuta zilikuwa zimeshajaa mjini, Tanga kulikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Mwantumu Shekidele. Mama huyu alikuwa fundi wa katuni. Katuni za watoto, za harusi, za matangazo ya sabuni, zote zilitoka chumba chake cha mbele. Hakujaliwa kuzaa, lakini aliwalea watoto watatu wa marehemu kaka yake, Hiza, Sabaha na Mgaza, akawafunza kazi mpaka wakaiva. Akitembea nao njiani, shingo hiyo! Ungedhani kawazaa wote kwa mpigo mmoja.

Mwaka huo macho yake yakaanza kuchoka. Akawaita, akawaambia, "Wanangu, kiti hiki nakaribia kukiachia. Kuna mashindano ya mafundi wa katuni pale uwanjani, na zawadi ni kadi ya picha iliyo kubwa kuliko zote mjini. Tukishinda, namkabidhi kadi hiyo mmoja wenu. Atakayeipokea ndiye mkuu wa chumba hiki."

Sasa kadi ya picha, kwa asiyejua, ni kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora. Ikiwa goigoi, katuni ya dakika moja itakulaza na njaa. Na kazi ya mashindano haikuwa ya kitoto. Kila kundi lipewe katuni ya ngoma ileile moja, wachezaji mamia, kila mmoja na kanga yake, liichoreshe mashine yake picha hiyo mpaka ikamilike bila doa. Atakayetangulia ndiye mshindi.

Mpinzani wao, Bwana Senkoro wa mtaa wa pili, alikuwa ameshanunua kadi mpya, ya mbio, inawaka taa za kila rangi. Akawa anapita akijigamba, "Kina Mwantumu mwaka huu watakula vumbi!"

Bi Mwantumu akamtuma Hiza, mkubwa wao, akatafute kadi. Muuzaji akamtolea ileile kama ya Senkoro. "Kaka, hii kiboko. Mchezo wowote unakwenda laini."

"Kumbukumbu yake?" Hiza akauliza.

"Gigabaiti nane. Lakini kaka, mbio zake!"

Pembeni palikuwa na kadi iliyokwisha kutumika, haina taa, mbio zake za wastani, ila kumbukumbu yake gigabaiti kumi na mbili. Hiza akachukua hiyo. Alipofika nayo nyumbani, Mgaza, kitinda mimba, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka Hiza, umetuletea kadi au tofali?"

"Cheka tu. Ngoma ile ina watu wengi, nao wote lazima waingie kwenye kumbukumbu ya kadi. Ikijaa, mbio hazimsaidii mtu."

Maneno mazuri. Lakini walipoijaribu, kadi ilianza vizuri, kisha ikazorota. Mafundi wengine wenye kadi ya aina hiyo walipata karibu mara mbili ya mwendo ule. Bi Mwantumu akaanza kumtazama Hiza kwa jicho la pembeni.

Sabaha akapima joto. Lo! Kadi inachemka, na kadi ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Kisa? Bi Mwantumu, kama mama zetu wote, hakuacha kitu cha thamani kikae uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, na kompyuta ilivikwa kitambaa cheupe alichokifuma marehemu mama yake, kimeshuka mpaka kwenye matundu ya hewa. Miaka yote hakuna aliyethubutu kukigusa. Sabaha akakivua.

"Sabaha! Nani kakuruhusu kushika kitambaa cha mama yangu?"

"Shangazi, nisamehe. Lakini mashine haipumui."

Sabaha akaifungua ile kadi, akaitoa vumbi la mwenyewe wa zamani, akabadilisha dawa ya kupozea, akairudisha. Joto likashuka, mwendo ukapanda, ukawa ule walioutarajia. Bi Mwantumu akakikunja kitambaa akakitia kabatini. Siku ya pili yake tu akawa anawatambia majirani, "Binti yangu jasiri huyo! Hata mimi hanionei haya."

Siku ikafika. Filimbi ikalia. Kadi ya Senkoro ikatoka mbio, watu wake wakaimba. Kina Bi Mwantumu wakawa nyuma. Mara kundi kubwa la wachezaji likaingia katika picha, kadi ya Senkoro ikajaa pomoni, ikawa inaazima kumbukumbu ya kompyuta, ikaanza kujikokota. Bi Mwantumu akapiga kigelegele. Kumbe kawahi mno, kwani mashine yake nayo ikasimama kabisa: kumbukumbu haitoshi, na kompyuta yao haina ya kuazimisha.

"Haiwezekani," akasema Hiza. "Kumi na mbili nzima!"

Mgaza akasogea. "Hebu nipisheni."

Akakagua. Kumbe kanga zote zimechorwa kubwa mno, zinakula kumbukumbu, hata ya mtu wa nyuma kabisa ambaye kichwa tu ndicho kinachoonekana. "Huyu wa nyuma nani atamsoma jina la kanga?" Akazipunguza za nyuma zote, za mbele asiziguse, akaanza upya, na watu wa Senkoro wanamzomea. Safari hii kadi ikawabeba wachezaji wote, haikuchemka, haikusimama, ikamaliza ya Senkoro ingali inajikongoja. Uwanja ukalipuka!

Bi Mwantumu akaipokea kadi ya zawadi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Hawa ni wangu! Nani mwingine anao?" Senkoro alipiga makofi kiungwana, kisha akamnong'oneza kila mmoja wa wale watoto watatu, "Ukikosa kiti kwenu, kwangu kipo." Bi Mwantumu akasikia.

Wakarudi nyumbani. Hiza akasema, "Shangazi, nisingeipita ile kadi ya taa, leo tungekwama kama Senkoro."

Sabaha akasema, "Uliileta bila kuifungua, kaka. Nisingeivua nguo na kuipoza, mpaka sasa tungekuwa uwanjani."

Mgaza akasema, "Ilisimama mbele ya watu, kubwa na baridi hivyo hivyo. Ni nani aliyeinyanyua?"

"Wewe uliyeiita tofali!" akasema Hiza.

"Niliiita tofali, nikajenga nayo."

Bi Mwantumu akacheka. Fahari imemjaa, na hofu imemjaa, maana akimpa mmoja, wawili huenda wakatoka kwa mlango ule, wakaenda kwa Senkoro. Kadi haikatwi, na kiti hakikaliwi na watatu.

"Njooni karibu," akasema, akaiinua kadi.

Haya, nyie mnaojua kusema, msinitazame mimi. Yupo aliyechagua, yupo aliyethubutu, yupo aliyeokoa jahazi mbele ya maadui. Mama anangoja, mkono umeshanyooka. Je, nani alistahili?