Nyumba ya Fisi Mjini Nusunusu

Tulizeni midomo, hadithi ni fupi na mimi sirudii. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mvua za vuli zilikatika, za masika hazikuja hata kusalimia, na mito yote ya Mchongomani ikageuka njia za vumbi. Kilichobaki ni chemchemi moja ndogo chini ya majabali, kwenye bonde la Bi Digidigi. Marehemu mumewe alimwachia, naye hakuwahi kumnyima mtu. Asubuhi walikunywa pundamilia, mchana ngiri, jioni kanga na vifaranga wao. Aliyevuruga zamu alisemwa mpaka akakonda.

Shida ya Bi Digidigi haikuwa maji. Ilikuwa kifua cha kitindamimba wake, Kidawa, aliyekohoa tangu vumbi lilipoanza. Kila mzazi wa Mchongomani alikuwa na dawa yake ya uhakika. Wakamnywesha majani, wakamfukiza magome, wakamchua mafuta. Mtoto akazidi kukohoa, na mama akawa hali, halali.

Habari ya mgonjwa haichelewi kumfikia Fisi. Akaja na tai shingoni, maana alikuwa dalali wa nyumba, kazi inayomfaa mnyama anayecheka hata pasipo cha kuchekesha.

"Pole sana, dada yangu," akasema. "Ila nikuulize. Mtoto anakohoa, nawe umekaa hapa unalinda mawe? Hamia Nusunusu."

"Nusunusu ndio wapi?"

"Ni mji. Na sisemi jiji kubwa, la hasha. Kule wanakanyagana, hata kivuli ni cha kugombea. Huku porini nako ndiyo haya, mnakufa kwa vikohozi. Nusunusu uko katikati. Si mkubwa wa kukupoteza, si mdogo wa kukuchosha."

"Daktari yupo?"

"Ukipiga chafya anakusikia."

"Na maji?"

"Bomba liko mlangoni kwangu. Unafungua tu."

"Majirani je?"

"Wastaarabu mno. Hawatakusumbua hata siku moja."

Tumpe Fisi haki yake, hakudanganya sana. Daktari alikuwepo, bomba lilikuwepo, na kuhusu majirani alisema kweli tupu. Alichotaka yeye ni kidogo tu: wabadilishane makazi. Bi Digidigi achukue nyumba ya mjini, na Fisi, kwa huruma yake, ateseke na lile bonde la mawe. Moyo ulioje. Mwenye chemchemi mwaka wa ukame ameshika koo la kila mnyama, na Fisi alikwisha anza kuwatazama vifaranga wa kanga kwa jicho la mwenye nyumba. Kanga wakaliona lile jicho, wakaacha kunywa.

Bi Digidigi alimtazama mwanawe anavyokohoa. Alikuwa karibu kukubali.

Siku hiyo Sungura naye alikuwa amekuja kunywa. Huyu alikuwa mkazi wa Nusunusu wa siku nyingi, aliyeusema vibaya mji huo kila alipofungua mdomo, kisha akarudi kulala humo humo. Akajifuta midomo, akasema, "Bwana Fisi, mbona haraka hivyo? Hapa Mchongomani nyumba haibadilishwi bila kulalia sifa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo ada yao hiyo. Anayesifia nyumba huingia kuishi ndani yake pamoja na mgeni wake, akala anachokula mgeni na kunywa anachokunywa mgeni, mpaka mwezi mpya uandame. Wakivumilia wote, wanapeana mikono na kubadilishana, au wanaagana kwa heri, kila mtu na chake. Atakayetoroka kwanza amepoteza makazi yake kwa mwenzake.

Fisi alicheka mpaka tai ikapinda. Bomba la mlangoni kwake alilijua vizuri. Kijinyama kama digidigi kingekaa siku ngapi pasipo maji? Atakimbia mwenyewe, na bonde litakuwa la Fisi bila hata kupeana mikono.

"Nimekubali," akasema. "Ada za wazee naziheshimu sana."

Wakaenda. Nusunusu ulikuwa na barabara moja ya lami, mzunguko mmoja wenye sanamu ya Simba, na taa za barabarani ambazo hazijawahi kuwaka kwa kuwa zilikuwa zinasubiri kuzinduliwa. Simba ndiye alikuwa mkuu wa mji, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alitaka Nusunusu utangazwe jiji. Langoni alisimamisha bango limeandikwa KARIBU JIJI TARAJIWA. Kuku walikuwa wanataga chini yake.

Asubuhi Bi Digidigi akampeleka mtoto kwa Daktari Nyani. Wakapanga foleni hadi miguu ikafa ganzi. Lakini Nyani alimsikiliza kifua, akampa dawa, akaeleza namna ya kuinywa. Mtoto alilala usingizi wa kweli jioni ile, na mama akakaa pembeni akitokwa machozi ya furaha. Hapa sifanyi mzaha. Mji ule ulimponya Kidawa, na anayebisha hajawahi kuuguza.

Mengine ndiyo hayo. Bi Digidigi aliinama kwenye ua kumsalimia jirani, Bi Kicheche. Bi Kicheche akavuta pazia. Akamsalimia Nungunungu wa upande wa pili, naye akaangalia juu, akakadiria mawingu, akaingia ndani. Hakuna aliyekuja kuuliza mtoto ameamkaje.

"Mama," Kidawa akanong'ona, "hawa wote wamefiwa?"

"Hapana, mwanangu. Ndio ustaarabu."

Mama alijibu akicheka, lakini roho ilimuuma. Kwao angekuwa amekwisha jibu swali la hali ya mgonjwa mpaka achoke.

Bomba nalo lilifunguliwa. Likakohoa kuliko Kidawa alivyowahi kukohoa, likatema kutu, likanyamaza.

"Yatatoka kesho," Fisi akasema, akijilaza kivulini kungoja mgeni wake atimue mbio.

Kesho ikafika, maji hayakufika. Kesho yake vilevile. Fisi ulimi ukaanza kumning'inia. Bi Digidigi wala. Kila alfajiri alitoka na mwanawe, wakaramba umande kwenye majani ya ua, wakatafuna machipukizi, wakarudi wakiwa wameshiba na nyuso zinang'aa.

Fisi akashindwa kuvumilia. "Dada, wewe maji hunywi?"

"Ya nini, na umande upo? Ukoo wetu umande na majani vinatutosha."

"Na ile chemchemi?"

"Ile nawatunzia majirani. Mimi naweza kukaa mwaka sijaigusa."

Fisi akakaa chini taratibu. Tangu azaliwe alikuwa akiwapima wanyama wote kwa tumbo lake mwenyewe, na haikumjia hata mara moja kwamba anayelinda maji anaweza kuwa hayahitaji.

"Karibu chakula, Bwana Fisi," Bi Digidigi akasema kwa upole, akimsogezea tawi. "Hili jani laini, halina miiba." Na Fisi, mbele ya ada, akatafuna jani. Bucha lilikuwa ng'ambo ya barabara, na upepo ulikuwa unatoka huko huko.

Sungura hakulala. Alikwenda kwa Simba, akainama, akasema, "Mheshimiwa, yupo bwana mmoja ameusifu mji wako hadi porini. Anasema hauna mfano duniani."

Simba akavimba. Tangu hapo hapakuwa na mkutano ambao Fisi hakuitwa. Aliketishwa mbele kabisa, juani, kwenye kiti cha wageni wa heshima.

"Rudia ulivyosema, wananchi wasikie," Simba akanguruma.

"Hauna mfano," Fisi akasema. Sauti ilitoka kama mlango mkavu.

"Na huduma zake?"

"Zipo karibu."

Wananchi wakapiga makofi, wengi wao wakiwa na ndoo tupu miguuni.

Mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba Simba alipoitisha mkutano mkubwa kuliko yote, wageni kutoka jiji kubwa wakiwepo, waje waone kama Nusunusu unastahili. Akasimama, akatikisa manywele, akaanza hotuba kuhusu maji. Mito ya maji. Maji yatakayotiririka, maji baridi, maji matamu, maji kwa wote. Kila alipotaja maji Fisi alimeza mate ambayo hayakuwepo. Mwishowe akaruka kiti, akawapita wageni, akapita sanamu, akapita bango, kuku wakatawanyika.

Hakusimama mpaka Mchongomani. Akajitupa kwenye chemchemi, akatumbukiza kichwa chote hadi masikioni, akanywa. Alipoinua uso, tai ikichuruzika, akakuta foleni nzima ya jioni imesimama inamtazama.

Mama Kanga akauliza kwa adabu, "Bwana Fisi, kwani bomba la mlangoni limehamia huku?"

Fisi akajikung'uta maji. Ametoroka kwanza, na mashahidi ni wote. Nyumba imekwenda. Nako Nusunusu, Simba, aliyekimbiwa na msifiaji wake mbele ya wageni, akapiga marufuku Fisi kukanyaga mji ule hadi kufa kwake.

Sungura akamfuata Bi Digidigi. "Dada, nyumba ni yako na bonde ni lako. Kaa mjini sasa, ustarehe."

"Daktari wenu namshukuru, na nikiuguza nitarudi," akasema Bi Digidigi. "Lakini mwanangu amepona kikohozi. Akiugua upweke, nimpange foleni ya nani?"

Akafunga mzigo, akarudi. Ile nyumba akaitoa kwa mzazi yeyote wa Mchongomani mwenye mgonjwa, afikie hapo mpaka apone. Jioni walipofika bondeni, kanga walitoka kwenye foleni wote pamoja kuuliza Kidawa ameshindaje, na mama akajibu, akajibu tena, na hakuchoka.

Fisi bado yuko njiani, anakwenda pori hadi pori akisifia nyumba ambazo hazina wa kuzilalia. Msikieni kwa mbali anavyocheka, mkumbuke: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.