Madebe ya Uji ya Mwalimu Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo Kiboko alivaa kaptura ya shule, palikuwa na mwalimu mdogo kuliko wanafunzi wake wote. Huyo ndiye Mwalimu Pimbi. Alifundisha hesabu darasa la tano, na alizipenda hesabu kama ninyi mnavyopenda maandazi.

Shida ni kwamba hakuwa na wa kumfundisha. Kengele ya hesabu ikilia, ngo ngo ngo, darasa zima lilitokea dirishani na kukimbilia bwawani. Pwaa!

"Mwalimu, hesabu za nini?" Kiboko alimuuliza siku moja, maji yakimchuruzika. "Mimi nimeshakuwa mkubwa."

Mwalimu mkuu, Mzee Nyati, alichoka kuona madawati matupu.

"Ijumaa napita," alisema. "Nisipokuta mtu, kipindi nakifuta, nawe Pimbi utarudi kwenu majabalini."

Pimbi alitoka ofisini. Kisha akakumbuka kuwa wiki ile zamu ya kugawa uji ilikuwa yake, akaanza kucheka peke yake.

Jumatatu saa nne akapanga madebe mezani: marefu membamba, moja kwa kila mwanafunzi, na moja fupi, pana. Yote yamejaa uji pomoni.

"Mkubwa achague kwanza," alisema kwa adabu. "Sisi wadogo tutachukua kitakachobaki."

Twiga akanyakua refu. Kiboko akanyakua refu. Wengine nao wakafuata.

"Pole, Mwalimu," Twiga alisema. "Umebakiwa na kisahani."

"Nitafanyaje, mwanangu," Pimbi alijibu kinyonge, akaanza kunywa, fyuu, fyuu. Wenzake walimaliza, wakafuta midomo, yeye bado anakunywa.

Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano pia. Alhamisi saa sita tumbo la Kiboko lilinguruma, ngruuu, hadi mwalimu wa kuimba akasimamisha wimbo.

"Tunapunjwa," Kiboko alimnong'oneza Twiga.

"Tutapunjwaje na sisi ndio tunaochagua?"

"Sijui. Lakini hebu mwone Mwalimu alivyonenepa."

Wakamfuata.

"Mwalimu, debe lako lina uji mwingi kuliko yetu."

"Lile fupi? Thibitisheni."

"Basi tupe tupime."

"Madebe nayafungia darasani," Pimbi alisema. "Yanatoka kesho, kipindi cha hesabu."

Ijumaa hakuna aliyekwenda bwawani. Walileta maji na kikombe, wakapima. Debe refu likameza vikombe vitatu. Debe fupi likameza vitatu, likameza cha nne, cha tano, cha sita, ndipo likajaa.

Kiboko akakaa chini. "Lakini ni fupi. Kimo chake ni nusu ya langu."

"Ni fupi kweli," Pimbi alisema, kisha akanyamaza. Kunyamaza kulimtesa, maana jibu lilikuwa linamwasha ulimini.

Kiboko akamwaga maji, akasimamisha debe refu ndani ya lile fupi. Akaongeza la pili, la tatu, la nne. Yakabanana sawasawa, pasibaki nafasi.

"Yanaingia manne," alisema polepole. "Lakini kila moja limefunikwa nusu tu. Nusu nne ni mawili." Akainua kichwa. "Mwalimu, siku nne unakunywa uji wa watu wawili!"

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mzee Nyati.

"Mzee, utusubiri nje kidogo," Twiga alisema bila kugeuka. "Hatujamaliza."

Nyati hakuwahi kuambiwa asubiri tangu azaliwe. Alihesabu vichwa, hakukosekana hata kimoja. Akatoka, akasubiri.

"Ni kweli, nimewapunja," Pimbi alisema. Alikuwa na furaha hadi machozi yakamlenga. "Kuanzia Jumatatu nami nitatumia debe refu kama ninyi."

"Haitoshi," Twiga alisema. "Unasema mapumziko ni dakika kumi na tano. Nani amepima?"

Darasa zima likamgeukia Pimbi kwa mashaka.

"Jumatatu tunapima," Kiboko alisema. "Na usichelewe, Mwalimu."

Uji umekwisha, wanangu, na hadithi nayo imekwisha. Fundisho lake ni hili: mtoto hakimbii hesabu akishagundua kwamba asiyezijua ndiye anayepunjwa.