Akiba Isiyoonjwa

"Akiba haiozi, ila isiyoonjwa." Vijana wa chumba cha kompyuta walizoea nusu ya kwanza tu. Walipoisikia ya pili kinywani mwa Bi Namkunda, mwalimu wao, wakataka kujua ilikotoka. Akavua miwani. Mwanzo wake upo, akasema, lakini si mtamu.

Hospitali moja ya milimani ilikuwa na seva, kompyuta kuu iliyotunza majina ya wafanyakazi wote na nywila zao. Isipokutambua, hufungui faili la mgonjwa, hata uwe nani. Mtunzaji wake alikuwa Mbonea, fundi mchangamfu, mvivu kidogo. Kila Ijumaa alihifadhi nakala ya kumbukumbu hizo zote, yaani hifadhidata. Wenzake walipomsihi ajaribu kufungua japo nakala moja kwenye mashine nyingine, alicheka: "Akiba haiozi, jamani!"

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Seva iliwaka, lakini hifadhidata ikagoma kufunguka. Mbonea hakutishika, akachukua nakala ya Ijumaa. Imeharibika. Ya mwezi uliopita nayo vilevile. Kumbe diski ilikuwa ikiugua kimyakimya siku nyingi, na kila nakala ilibeba ugonjwa uleule. Akazijaribu zilizosalia, moja baada ya nyingine; hata moja haikufunguka.

Daktari Nakijwa aliingia mbio. "Mbonea, Mzee Shekiondo ameletwa amezimia! Kuna dawa inayomdhuru, imeandikwa kwenye faili lake. Nifungulie!"

"Siwezi, daktari."

"Na nakala zako je?"

"Zimeoza zote."

Ilibaki njia moja: kuikarabati hifadhidata kwa kukata kila palipooza, bila kujua kitakachokwenda na uozo. Akaikata huku akimwomba Mungu. Seva iliamka, lakini majina ya madaktari wote yalikuwa yamekwenda. Akaanza kuliandika upya la Nakijwa. Kwa haraka akakosea, akafuta, akaanza tena. Hatimaye likakubali. Akapiga simu wodini.

"Daktari, ingia sasa. Inafunguka."

Nakijwa akasema taratibu, "Acha tu, ndugu yangu. Mzee ametutoka."

Baada ya maziko, Mbonea na wenzake waliitwa kikaoni. Mkuu wa hospitali hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Mbonea zaidi. Alimuuliza tu, "Baba, si wewe uliyekuwa ukituambia akiba haiozi?"

Mbonea hakuinua uso.

"Haiozi, mkuu," alisema. "Ila isiyoonjwa."