Hodhi la Bwana Kyando

Bwana Kyando, tajiri wa mbao kule Makete, alinunua hodhi la kuogea ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani akajinyoosha. Julai, umande ulipoanza kuganda majanini, alimwita Tusekile, mtumishi wake.

"Lijaze maji ya moto. Nikihisi ubaridi mgongoni, funga virago."

"Baba, sufuria ni hii moja. Nikichemsha ya pili, ya kwanza yameshapoa."

"Hiyo shida yako. Tumia akili, kama unazo."

"Haya, baba."

Tusekile akapita kwa majirani, akarudi mikono mitupu. Muda si muda wanawake wakamiminika, kila mmoja na ndoo inayofuka mvuke. Wakajaza hodhi, wakatoka kusubiri sebuleni. Bwana Kyando akajitosa, akaguna kwa raha.

"Umeona? Ulikuwa uvivu tu!"

Mlango ukasukumwa. Wanawake wakaingia na vitambaa mkononi, mikono ya magauni wameikunja.

"Mnataka nini nyinyi?" akafoka, akijikunyata.

"Tusekile," aliuliza Mama Ombeni, "mzazi uliyetuita tuje kumkanda yuko wapi?"

"Si huyo hapo majini, mama. Mkandeni kwa nguvu, tumbo bado halijarudi."